Mvua za Vuli Nyanda za Juu: Soma Utabiri kwa Jicho la Afya

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutangaza jinsi mvua za vuli zitakavyokuwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mkulima husikiliza ili ajue apande nini. Mkazi wa mjini naye husikiliza kwa sikio moja, akawaza matope na msongamano wa magari, kisha akasahau.

Mpendwa msomaji, tangazo hilo lina habari za afya yako pia. Lina uzito zaidi ikiwa una jamaa nyanda za juu kama Kisii, Nyamira, Nandi au Kericho, na unakusudia kuwapeleka watoto huko likizo ya Desemba. Leo tutajifunza namna ya kulisoma.

Utabiri husema nini?

Utabiri wa msimu hausemi kwamba mvua itanyesha Jumanne. Wataalamu huchukua rekodi za mvua za miaka mingi na kuzigawa katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, miaka ya wastani na miaka ya mvua chache. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Kwa hivyo ukisikia kwamba eneo fulani lina uwezekano wa asilimia 50 wa kupata mvua zaidi ya wastani, fahamu kwamba mizani imeinama upande wa mvua nyingi. Hiyo si ahadi, lakini ni sababu ya kutosha ya kujiandaa.

Mizani hiyo huinamishwa hasa na bahari mbili. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida katika eneo la ikweta, hali iitwayo El Niño, mvua zetu za vuli mara nyingi huongezeka. Aidha, upande wa magharibi wa Bahari Hindi, ulio karibu nasi, ukiwa na joto kuliko upande wa mashariki, mvua pia huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, 2019 na 2023. Hali inapogeuka, ukame hubisha hodi, kama tulivyoona vuli za 2020, 2021 na 2022.

Kwa nini nyanda za juu?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba malaria ni ugonjwa wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na kwamba milimani hakuna mbu wa kutisha. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo joto linavyopungua, kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Baridi hiyo ndiyo kinga ya nyanda za juu. Kimelea hatari zaidi cha malaria ni lazima kikomae ndani ya mbu kabla ya kuambukizwa mtu mwingine, na kasi ya kukomaa hutegemea joto. Kwa nyuzi 25 kimelea huhitaji takriban siku 12. Kwa nyuzi 20 huhitaji karibu wiki nne. Kwa nyuzi 18 huhitaji zaidi ya siku 50, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Chini ya nyuzi 16 hakikui kabisa.

Sasa tazama hatari ilipo. Joto likipanda kwa nyuzi mbili tu, kutoka 18 hadi 20, muda wa kukomaa hupungua kwa karibu nusu. Mvua nazo zikiacha madimbwi kwenye machimbo ya matofali, mitaro na nyayo za ng'ombe, mbu hupata mahali pa kutagia mayai. Joto na maji vikikutana, kinga ya mlima huvunjika. Hivyo basi, utabiri unapotolewa usiulize habari za mvua peke yake. Uliza pia kama usiku utakuwa na joto kuliko kawaida.

Isitoshe, watu wa nyanda za juu hawaumwi na malaria mara kwa mara, kwa hivyo miili yao haijajenga kinga. Ugonjwa ukiingia hauchagui. Mtu mzima mwenye nguvu huanguka sawa na mtoto. Mwanzoni mwa 1998, baada ya mvua za El Niño, malaria ililipuka katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, hospitali zikafurika wagonjwa.

Hesabu ya wiki

Ugonjwa hauji siku ile mvua inaponyesha, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuseme mvua zimeanza katikati ya Oktoba. Viluwiluwi huhitaji wiki moja hadi mbili au zaidi kuwa mbu. Kwa nyuzi 20, kimelea huhitaji wiki nyingine nne ndani ya mbu. Mtu akishaumwa, homa huanza baada ya siku 7 hadi 14 hivi, na wakati mwingine baadaye. Jumlisha, utajikuta mwezi wa Desemba.

Huo ndio wakati familia za Nairobi zinapofunga mizigo kwenda kwa nyanya na babu. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya malaria, hata kama wazazi wake wote wawili walikulia Busia. Kinga hiyo hairithiwi kama jina la ukoo. Nawe uliyeondoka nyumbani miaka mingi iliyopita, kinga uliyokuwa nayo utotoni imefifia.

Kabla ya safari

Beba neti iliyotiwa dawa ya kutosha watoto wote. Usitegemee kwamba utaikuta huko, kwa maana wageni wakiwa wengi neti za nyumbani hazitoshi. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hivyo jioni watoto wavae nguo za mikono mirefu. Mama mjamzito na mtu asiye na seli damu za kawaida, yaani mwenye selimundu, wamwone daktari mapema kabla ya kusafiri, kwani malaria huwa kali zaidi kwao. Daktari pia anaweza kukushauri kuhusu dawa za kujikinga.

Baada ya kurudi

Sehemu hii ndiyo huokoa maisha. Mtoto akipata homa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa, mzazi wa mjini husema ni mafua na kumnunulia dawa ya maumivu. Homa hushuka, kisha hurudi. Siku tatu zikipita bila tiba, malaria inaweza kufika kwenye ubongo.

Kwa hivyo homa yoyote ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya safari ichukuliwe kuwa huenda ni malaria hadi kipimo kionyeshe vinginevyo. Nenda kituo cha afya ndani ya saa 24. Mwambie daktari bila kungoja kuulizwa: "Tulikuwa mashambani." Kauli hiyo fupi hubadilisha uchunguzi wote. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na dakika kama 15 au 20. Usinunue dawa dukani bila kupimwa, na ukipewa dawa za siku tatu, zimalize zote hata kama mgonjwa amepata nafuu siku ya pili.

Mkimbize mgonjwa hospitalini mara moja ukiona degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kupumua kwa shida, au kusinzia kusiko kwa kawaida. Usingoje kupambazuke.

Magonjwa mengine ya vuli

Mvua nyingi hufurisha vyoo na kuchafua visima, hata mitaani kwetu mjini, na kipindupindu hufuata. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi maalumu yanayouzwa kwa pakiti. Ukiyakosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kufutwa juu. Mpe kidogo kidogo ukielekea hospitalini.

Hatari nyingine iko kwenye jiko la makaa. Usiku wa mvua nyanda za juu huwa na baridi kali, na wageni huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Otea moto sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala.

Ukisikia utabiri wa vuli tena, basi, jiulize maswali matatu: Je, mvua zinatazamiwa kuzidi wastani? Je, joto nalo litapanda? Je, familia yangu itakuwa wapi Desemba? Ukijibu ndiyo kwa mawili ya kwanza, na jibu la tatu likawa nyanda za juu, nunua neti kabla ya kununua tikiti ya basi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.