Bathdei ya Mtoto Bustanini: Maswali ya Wazazi wa Nairobi

Shule zikikaribia kufungwa, wazazi huanza kuniuliza mambo yaleyale kuhusu sherehe za watoto katika bustani za jiji. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na sherehe za aina hii nimezisimamia kwa miaka mingi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usomapo majibu ujue ninakotoka: mtoto wa miaka miwili hadi sita anahitaji nafasi ya kukimbia, wenzake wachache anaowajua, na mtu mzima anayemtazama. Nafasi ya kukimbia iko bustanini tayari. Hayo mawili mengine ni kazi yetu, na ndiyo tunayoyasahau tukishaanza kuhesabu viti na maturubai.

Binti yangu anatimiza miaka minne. Tunaishi kwenye ghorofa Umoja, hatuna hata kiwanja cha kuruka kamba. Nichague bustani gani?

Mama, anza na choo. Mtoto wa miaka minne akisema anataka kwenda, una dakika chache tu. Tafuta mahali ambapo choo kiko karibu, kinafanya kazi, na maji yapo siku unayoitaka. La pili ni macho: ukikaa kwenye mkeka, uweze kuwaona watoto wote bila kusimama. Vichaka vizuri vya kupigia picha ndivyo vinavyowameza watoto.

Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ya kigeni ambayo kuni zake zingeendesha treni, ina nyasi na vivuli vingi, na si mbali na katikati ya mji. Ina tumbili na kima pia, nitawafikia. Karura ni msitu wa takriban hekta 1,000. Hewa yake ni safi, lakini kutoka langoni hadi mahali pa kukaa unaweza kutembea sana ukiwa na keki mkononi na mtoto mgongoni, kwa hiyo uliza mapema ni lango lipi lililo karibu na sehemu ya mapumziko. Uhuru Park inawafaa wageni wanaokuja kwa matatu, maana wengi huteremka mjini.

Kokote utakakochagua, nenda ukapaone wiki moja kabla, siku ileile ya juma na saa ileile ya sherehe. Nyasi zilizo tupu Jumanne asubuhi huweza kuwa na kwaya tatu zinazofanya mazoezi Jumapili mchana. Uwapo pale, kagua ardhi: kama kuna msafara wa siafu au mti wenye nyuki, sogea mbali kabisa.

Lazima niombe kibali?

Familia mbili tatu zenye mkeka na kikapu kwa kawaida hulipa kiingilio, kama kipo, na kuingia. Ukitaka hema, viti vya kukodi, kasri la kurukia lenye jenereta, spika au mpiga picha wa kulipwa, wasiliana na ofisi ya bustani mapema na upate jibu la maandishi. Usitegemee neno la mtu uliyemkuta langoni, kwa sababu siku ya sherehe zamu itakuwa ya mwingine. Na kwenye mwaliko sema wazi nani atalipa kiingilio cha wageni. Nimewaona akina mama wakisimama langoni wakitafutana kwa macho, kila mmoja akiona haya kuuliza.

Nimesikia askari wa msitu hupekua mikoba. Wanatafuta nini?

Plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017. Kisha tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, yaani mbuga, fukwe na misitu. Hizo ni chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Mzazi asiyejua hujikuta anaacha katoni nzima ya maji langoni na watoto wana kiu.

Beba maji ya nyumbani kwenye dumu kubwa la kujaza tena, na kila mtoto aje na chupa yake ya shule. Sahani za melamini au za bati zinatosha. Ukimaliza zinarudi kwenye beseni, mnaosha nyumbani. Vijiko navyo viwe vya chuma.

Na taka zenu ondokeni nazo, hata kama pipa lipo. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akasimama kulipinga hadi mpango ukaachwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda mti Karura, wakati ardhi ya msitu huo ilikuwa ikigawiwa watu binafsi. Nyasi wanazochezea watoto wetu zilipiganiwa. Siwezi kumtazama mtu akiondoka na kuacha juu yake karatasi za peremende.

Sherehe ianze saa ngapi na iishe saa ngapi?

Saa mbili zinatosha, hata kwa wenye miaka sita. Baada ya hapo watoto huanza kugombana na kulia, na wazazi husema wamedeka kumbe wamechoka tu.

Januari na Februari jua la Nairobi ni kali, maana tuko karibu na ikweta na mji uko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Anza saa nne asubuhi, umalize saa sita, kabla ya usingizi wa mchana. Kati ya Juni na Agosti asubuhi huwa na mawingu na baridi, kwa hiyo anza saa sita, watoto wavae sweta. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, chagua asubuhi.

Keki ikatwe mapema. Desturi yetu ni kuiweka mwisho, baada ya maombi, hotuba za babu na shangazi, na picha za kila ukoo. Mtoto amekaa anaitazama keki na haruhusiwi kuigusa. Waache wacheze nusu saa, kateni keki, wale, warudi kucheza. Hotuba zisemwe wakati watoto wanakimbia. Wakubwa wanaweza kuzungumza bila hadhira ya watoto. Mishumaa ikisumbuliwa na upepo, laza boksi la katoni ubavu, ingiza keki ndani na uwashe humo, na mtu mzima akae ameshika boksi hadi izimwe.

Niandae chakula gani? Wageni ni watoto kumi wa miaka mitatu hadi mitano.

Andaa vinavyoshikika kwa mkono: sambusa ndogo, chapati iliyokunjwa na kukatwa vipande, viazi vya kuoka, ndizi, machungwa yaliyomenywa. Kama kuna wageni Waislamu, nyama iwe halali kwa wote, usitenge sufuria mbili. Waulize wazazi kuhusu mzio kabla ya kwenda sokoni, hasa wa karanga, maziwa na mayai. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali sana, saa moja.

Sasa naomba usome polepole. Kwa umri huu usilete karanga nzima, bisi, wala peremende ngumu za duara. Zabibu mbichi zikatwe mara nne kwa urefu. Soseji nayo ikatwe kwa urefu kwanza, kisha vipande vidogo. Ukiikata miduara tu, kila kipande kina ukubwa wa kuziba koo la mtoto. Na mtoto ale akiwa ameketi. Mtoto anayekimbia na sambusa mdomoni mrudishe mkekani.

Akikwamwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, uishike kwa mkono wa pili, uvute kuelekea ndani na juu mara 5. Endelea kubadilisha huku mwenzako akiita msaada. Kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja tumbo halibanwi: mlaze kifudifudi juu ya paja lako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze kifua kwa vidole viwili mara 5. Mzazi mmoja katika kundi lenu awe ameyafanyia mazoezi haya kwa mwalimu wa huduma ya kwanza, maana kusoma pekee hakutoshi.

Kuhusu tumbili: chakula kikae kwenye vyombo vyenye mfuniko unaobana hadi dakika ya kula. Usiwalishe, na mtoto asimnyang'anye tumbili alichochukua. Mtoto akikwaruzwa au kuumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Na maputo?

Mimi siyaweki kwenye sherehe za wadogo. Kipande cha puto lililopasuka kikivutwa kooni hushika kama ngozi na ni vigumu sana kukitoa. Fanya mapovu ya sabuni: vikombe sita vya maji, kikombe kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kikubwa cha gliserini. Changanya usiku wa kuamkia sherehe. Kunja waya kuwa duara, chovya, punga. Watoto wa miaka mitatu watayakimbilia mapovu hayo mpaka sabuni iishe.

Ninachoogopa zaidi ni mtoto wa mtu kupotea.

Hofu hiyo ni ya haki, na tiba yake ni kugawa kazi. Wazazi wakiwa wengi mahali pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Kwa hiyo majina yatajwe: wewe Mama fulani, hawa watatu ni wako mpaka keki, baada ya keki, Baba fulani anapokea. Kwa walio chini ya miaka mitano, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu ndicho kipimo changu. Anayetazama hashiki simu wala hapiki chai.

Wakifika, mfunge kila mtoto utepe wa rangi moja mkononi, na uandike nambari ya simu ya mzazi kwa kalamu kwenye mkono, chini ya sweta. Piga picha ya kundi mwanzoni: mtoto akipotea, utakuwa na picha ya nguo alizovaa siku hiyo. Tembeeni nao kuzunguka mpaka wa kuchezea, mguse mti huu, ule, na lile benchi. Mtoto mdogo haelewi "usiende mbali", ila anaelewa "usipite mti huu".

Mtoto asipoonekana, anzeni kwenye maji, mto au kidimbwi, kisha barabara na langoni. Mmoja abaki mkekani, kwa kuwa watoto wengi hurudi wenyewe. Mwingine awaambie askari mara moja, bila aibu. Kwa sababu hiyohiyo siruhusu brikicho bustanini: huwezi kumfundisha mtoto kujificha vizuri, kisha uhangaike umemkosa.

Tucheze michezo gani basi? Nimkodi emsii?

Pesa za emsii nunua matunda. "Nyama nyama nyama" inawatosha: unataja mnyama, wanaruka kama analiwa, wanatulia kama haliwi, na hakuna anayetolewa mchezoni. Ukuti wa kuzunguka mkishikana mikono. Kukusanya majani matano yasiyofanana, yaliyokwisha kuanguka. Lete mpira mmoja laini na leso mbili tatu. Watajifunga, watatengeneza nyumba, watabebana kama watoto. Kati ya mchezo na mchezo waache. Nusu ya furaha yao hutoka kwenye kijiti walichokiokota.

Vijana wa ukoo wanataka kumwagia mtoto maji, kama ilivyo desturi.

Kwa mtu mzima aliyezoea, sawa. Kwa mtoto wa miaka mitatu kumwagiwa ndoo kwa ghafla ni kitisho, na mwezi Julai ni baridi. Akitaka mwenyewe kurushiana maji, mpe kikombe awamwagie wao.

Kulishana keki ni desturi ninayoipenda, mtoto akimlisha nyanya yake na rafiki zake mmojammoja. Tatizo ni uma mmoja unaopita midomo ya watu ishirini. Weka kipande kidogo kwa kila mtu kwenye kijiti chake cha mbao, mtoto amkabidhi. Anayechoka baada ya wanne aachwe akae.

Mvua ikinyesha?

Amua saa mbili kabla, tuma ujumbe mmoja kwa wote, hamieni sebuleni mwa aliye karibu. Kukiwa na radi, ondokeni chini ya miti mara moja, popote sherehe itakapokuwa imefika.

Mwaka jana mwanangu alilia kila mtu alipoanza kumwimbia. Nilifedheheka.

Usifedheheke, baba. Hebu keti chini uinue macho kutoka kimo chake: watu ishirini wamekuzunguka, wote wanakutazama, wote wanapaza sauti, na mbele yako kuna moto. Watoto wengi wa miaka miwili na mitatu huogopa, na kuogopa huko si utovu wa adabu.

Mwaka huu mwimbieni nyumbani asubuhi, wewe na mama yake tu, ili awe ameuzoea wimbo. Bustanini mpakate, wageni waketi badala ya kusimama, waimbe kwa sauti ya chini. Mwombe mpiga picha arudi nyuma. Akificha uso kifuani mwako, mwache afiche na umalizie wimbo ukiwa umemshika. Akikataa kabisa, kateni keki bila wimbo, mpe kipande chake cha kwanza, aende kucheza.