SOMO LA LISHE: Kushiba kwa Vyakula vya Mimea Ukiwa na Aleji

Wapo wakaazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Wengine ni kwa sababu ya imani, wengine wako kwenye mfungo, wengine wameshauriwa na daktari, na wengine ni kwa sababu bei ya nyama imewashinda. Miongoni mwao kuna walio na mzio wa chakula, au aleji kama wengi tunavyoiita. Huyu hawezi karanga, yule hawezi ngano, mwingine soya au korosho. Lalamiko lao kubwa ni moja: "Nakula, lakini sishibi."

Somo hili linaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na jinsi ya kuirekebisha kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko yetu, kuanzia Malindi hadi Mariakani. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: ukiondoa chakula kinachokudhuru, weka badala yake chakula kingine cha kundi lilelile. Usijazie pengo kwa sima.

Kosa linaloleta njaa

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mtoto wa miaka 8 alivimba midomo baada ya kula kashata ya karanga. Wazazi wakaogopa, na ni haki yao. Wakaondoa karanga. Jirani akawaambia karanga ni jamii ya maharagwe, nao wakaondoa maharagwe, kunde, mbaazi na ndengu. Mwingine akasema nazi nayo ni njugu, wakaacha na tui. Sasa sahani ya mtoto ina sima na mchicha peke yake. Ikifika saa nne asubuhi darasani anasinzia, na kila mwezi nguo zinazidi kumpwaya.

Mtoto huyu alihitaji kuondolewa chakula kimoja, lakini ameondolewa karibu kila kinachoshibisha. Aleji ya karanga ni hatari, na upungufu wa lishe nao ni hatari. Ni lazima tumkinge na yote mawili.

Nini hasa hushibisha?

Tumbo linaweza kujaa kwa muda, lakini kushiba kunakodumu huletwa na mambo matatu:

1. Protini. Humeng'enywa polepole na huupa mwili ishara kwamba umetosheka. Kwenye mimea, protini iko kwa wingi katika jamii ya kunde na katika mbegu.

2. Nyuzinyuzi. Hizi ni sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga zote. Hunyonya maji, huvimba na kuchelewesha njaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

3. Mafuta kiasi. Hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi. Tui la nazi, parachichi na mbegu zinatosha.

Unga wa mahindi uliokobolewa umepoteza kapi na kiini, kwa hiyo nyuzinyuzi zake ni chache. Sima yake hujaza tumbo upesi, sukari hupanda mwilini, kisha hushuka na njaa inarudi. Kuongeza tonge hakuleti dawa. Dawa ni kubadilisha kinachoandamana na tonge.

Hesabu rahisi ya siku

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina takriban gramu 11 za protini na gramu 11 za nyuzinyuzi. Kikombe cha kunde kina protini takriban gramu 13, na cha ndengu gramu 14. Ukila vikombe viwili kwa siku, pamoja na sima, wali au uji wa kawaida, unakaribia kabisa kiwango hicho. Nyuzinyuzi nazo zitakuwa zimekaribia au kupita gramu 25.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni hii: vikombe viwili vya jamii ya kunde kila siku, mbegu kiasi cha kiganja kimoja, na mboga za majani kila mlo.

Badilisha hivi

Ukiwa na aleji ya karanga: Ni kweli karanga ni jamii ya kunde, lakini watu wengi wenye aleji ya karanga hula maharagwe, kunde na mbaazi bila tatizo. Usiziache zote kwa hofu. Muulize daktari kwanza, hasa kama ulishawahi kudhurika na mojawapo. Mchuzi uliokuwa ukiunga kwa karanga, sasa uunge kwa tui la nazi au kwa mbegu za maboga zilizokaangwa na kutwangwa. Gramu 30 za mbegu za maboga zilizomenywa zina takriban gramu 9 za protini. Nyumba nyingi hutupa mbegu hizi.

Ukiwa na aleji ya korosho, lozi au makadamia: Mwenye aleji ya korosho ajihadhari na pistachio pia, kwa sababu mimea hii ni ya ukoo mmoja. Ama nazi, wengi wenye aleji ya njugu hizi huila bila madhara. Mnamo Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa nazi katika orodha yake ya njugu za miti. Aleji ya nazi yenyewe ipo, lakini si ya kawaida. Kama hujawahi kudhurika na nazi, usiache tui kwa kusikia tu.

Ukiwa na aleji ya soya: Kunde, mbaazi na ndengu zinachukua nafasi yake. Soya hujificha katika vipande vikavu vinavyouzwa kama badala ya nyama, katika sosi ya soya, na katika unga wa uji uliochanganywa.

Ukiwa na aleji ya ngano: Chapati, mandazi, mahamri, tambi na mkate wa dukani havikufai. Hata hivyo Pwani ina utajiri wa vyakula visivyotumia ngano: vibibi, vitumbua na mkate wa kumimina vya unga wa mchele, muhogo, viazi vitamu, mtama, wimbi na mawele. Unaponunua vitumbua au bhajia, muulize muuzaji kama amechanganya unga wa ngano, kwani wengine huongeza. Mbaazi za nazi zinaliwa vizuri kwa muhogo wa kuchemsha kama zinavyoliwa kwa mahamri.

Ukiwa na aleji ya ufuta: Tumia mbegu za maboga au za alizeti. Angalia mikate na biskuti zilizonyunyiziwa ufuta.

Wachache hushindwa na aina kadhaa za jamii ya kunde kwa pamoja. Hao wategemee zaidi mbegu za maboga, mtama, wimbi na nafaka ya mchicha, na wasikae bila kumwona afisa wa lishe, kwani kupanga milo yao kunahitaji mtaalamu.

Je, ni aleji au ni gesi?

Watu wengi husema wana aleji ya maharagwe kumbe tumbo hujaa gesi tu. Gesi inasumbua, lakini haiui. Aleji inaweza kuua. Jifunze kutofautisha.

Aleji kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, hata kama umekula kidogo sana. Dalili zake ni mwasho, vipele, kuvimba midomo, ulimi au macho, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida. Gesi huja baada ya saa kadhaa, hutegemea umekula kiasi gani, na dalili zake hubaki tumboni: kujaa, kunguruma na kujamba.

Kama tatizo lako ni gesi, usiache maharagwe. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yaoshe, kisha yapike kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kwani yasipoiva vizuri huumiza tumbo. Anza na vijiko vitatu kwa siku, kisha ongeza polepole kwa wiki mbili. Ndengu, ambazo wengi hapa huziita pojo, huwa nyepesi kwa wengi. Kuloweka kunapunguza pia kuni, makaa na gesi ya kupikia.

Kama unashuku ni aleji, andika kwenye daftari ulichokula, saa uliyokula na kilichotokea. Peleka daftari hilo kwenye kituo cha afya. Usijaribu tena nyumbani chakula kilichowahi kukuvimbisha au kukubana pumzi.

Aleji hupitia wapi jikoni?

• Kinu na mchi. Kinu kilichotwanga karanga hubaki na mafuta yake kwenye mbao. Tenga kinu kingine.
• Mwiko, ubao wa kukatia na kitambaa. Osha kwa sabuni na maji kabla ya kupika chakula cha mwenye aleji. Kupangusa hakutoshi.
• Mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyokaanga mandazi hayamfai mwenye aleji ya ngano.
• Mashine ya kusaga. Mashine moja husaga mahindi, soya na ngano. Ngoja mahindi matupu ya wengine yapite kwanza. Kwa mwenye aleji kali hilo halitoshi: atafute mashine isiyosaga kinachomdhuru.
• Unga wa uji wa mchanganyiko. Mara nyingi huwa na soya, karanga, na hata omena. Kwa mtoto mwenye aleji, nunua wimbi na mtama, uchague mwenyewe na usage bila kuchanganya.
• Chakula cha shule na cha sherehe. Mwambie mwalimu na mpishi kwa maandishi. Mfundishe mtoto kusema: "Sili karanga, zinaniumiza."

Mfano wa siku moja

Mpango huu unamfaa mtu asiyekula vitokanavyo na wanyama, na mwenye aleji ya karanga na ngano kwa pamoja.

Asubuhi: Uji wa wimbi, muhogo wa kuchemsha na kikombe kimoja cha mbaazi za nazi.
Saa nne: Ndizi na kiganja cha mbegu za maboga.
Mchana: Sima ya unga usiokobolewa, kikombe kimoja cha kunde, na mchicha uliokamuliwa ndimu.
Jioni: Wali, nusu kikombe cha ndengu, kachumbari na kipande cha embe au chungwa.

Tazama kwamba kila mlo mkubwa una kitu cha jamii ya kunde, na hakuna ulioachwa na wanga peke yake. Kilo moja ya kunde kavu ikipikwa huzidi kilo mbili, kwa hiyo sufuria moja hulisha nyumba nzima.

Mambo mawili ya kuangalia

Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Asiyekula kabisa vitokanavyo na wanyama anahitaji vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au vidonge. Zungumza na mhudumu wa afya.

Madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na mboga hufyonzwa vizuri zaidi ukila pamoja na ndimu, chungwa, nyanya au pera. Chai ya majani huyazuia. Kunywa chai yako saa moja kabla au baada ya chakula.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto aliye chini ya miaka mitano wasianze mlo wa mimea pekee bila ushauri. Mtoto apimwe uzito na mkono kwenye zahanati, na vipimo viandikwe katika kijitabu chake cha kliniki.

Dharura: usingoje

Mtu akivimba ulimi au koo, akipumua kwa shida, akiishiwa nguvu au kuzimia baada ya kula, hiyo ni dharura. Kama ana sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, achomwe pajani mara moja. Mlaze chali na uinue miguu yake. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe, lakini asisimame wala kutembea. Piga 999 au 112, au mkimbize hospitali iliyo karibu. Usimpe maziwa, mafuta wala makaa, na usitegemee vidonge vya mwasho pekee. Hata akipata nafuu, afike hospitali, kwani dalili zinaweza kurudi.

Jipime

1. Mtoto ana aleji ya karanga. Je, ni lazima aache mbaazi? (Hapana. Wengi huzila salama, lakini daktari athibitishe.)
2. Unashikwa na njaa saa mbili baada ya sima na mboga. Uongeze nini? (Kikombe cha jamii ya kunde, si tonge.)
3. Tumbo lako hujaa jioni baada ya maharagwe ya mchana, bila mwasho wala uvimbe. Ufanye nini kwanza? (Loweka, mwaga maji, pika upya, anza na kidogo.)

Zoezi la nyumbani: Leo jioni, kabla ya kupakua, tazama sufuria zako. Je, kuna jamii ya kunde au mbegu? Kama hakuna, loweka kikombe cha kunde au mbaazi usiku huu kwa ajili ya kesho.

Kwa ushauri zaidi, mwone mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwako au afisa wa lishe katika hospitali ya kaunti ndogo.