Kufundisha Saketi ya Umeme kwa Taa za Rivasi za Pikapu Kuukuu

Makala haya yamekusudiwa kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, hasa yule atakayepangiwa Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Somo la saketi ya umeme huonekana jepesi: betri, nyaya mbili, balbu, na swichi katikati. Mwalimu huchora ubaoni, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo kesho yake kwa nini taa fulani haiwaki. Atajibu, "Glopu imeungua," na jibu hilo atalitoa kwa kila taa atakayokutana nayo.

Nilipata kushuhudia somo la namna hiyo katika shule moja iliyo karibu na ufuko, upande wa Kigoma. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo halikuwa na kasoro na mchoro wake ulipendeza. Alipokaribia kumaliza, mvulana mmoja aliyeketi nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona taa ya nyuma ya pikapu ya dagaa ina waya mmoja tu?" Mwalimu alimjibu kwamba hakutazama vizuri, kwamba waya wa pili bila shaka umejificha. Mtoto akaketi. Hakuwa ameridhika, na alikuwa na haki, kwa maana katika chumba kile ni yeye aliyekuwa amesema kweli.

Kosa lile lingeweza kumpata yeyote kati yetu. Vitabu vingi huonyesha saketi yenye nyaya mbili, nasi husahau kuwaambia watoto kwamba njia ya kurudi si lazima iwe waya. Katika gari, ncha hasi ya betri hufungwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Fremu, bodi na injini, vyote ni vipitishi vya umeme, na vyote hutumika kama waya mmoja mnene wa kurudisha mkondo kwenye betri. Mafundi huiita njia hiyo ethi. Ndiyo maana waya mmoja hutosha kwa taa, mradi kishikio cha balbu kigusane na chuma safi.

Kwa nini taa za rivasi na si taa nyingine? Kwa sababu watoto wa pwani hii wanaijua kazi yake kuliko mwalimu aliyetoka mbali. Mitumbwi inayovua dagaa usiku wa giza, zamani kwa mwanga wa karabai na siku hizi kwa wingi kwa taa za betri, hurudi kabla hakujapambazuka. Pikapu hushuka kinyumenyume katika mwalo kama ule wa Kibirizi hadi karibu na maji. Nyuma yake wamo wachuuzi, akina mama wenye mabeseni, na watoto waliotumwa kabla ya kwenda shule. Taa mbili nyeupe humwonyesha dereva njia na humwonya aliyesimama nyuma. Zisipowaka, kilichobaki ni utingo anayepiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti, na utingo naye hawezi kuona pande zote.

Kabla ya kuliendea gari, jenga mfano darasani. Chukua ubao, betri mbili kubwa za tochi zenye volti 1.5 kila moja, balbu mbili za tochi, na ukanda wa bati uliokatwa kwenye kopo na kukunjwa kingo zake zisikate vidole. Ukanda huo ndio fremu ya gari. Pigilia bati ubaoni, unga ncha hasi ya betri kwenye bati, kisha toa waya mmoja kutoka ncha chanya, uupitishe kwenye swichi, na uugawe uende kwenye balbu mbili zilizo sambamba. Kila balbu irudishe mkondo wake kwa kugusa bati. Zikiwaka, waache watoto watafute waya wa kurudi. Watautafuta kwa muda, na usiwasaidie upesi. Baadaye ingiza kipande cha karatasi kati ya bati na kishikio cha balbu moja bila wao kuona. Karatasi ni kihami. Taa itazimika ingawa waya, balbu na betri ni vizima. Fyuzi nimeiacha nje ya mfano huu kwa makusudi, ifundishwe siku yake.

Sasa gari. Katika pikapu nyingi za zamani mkondo hutoka betri ya volti 12, hupita swichi ya ufunguo, kisha fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15, kisha swichi ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi. Swichi hiyo hufunga saketi pale tu gia ya rivasi inapoingizwa. Kutoka hapo waya hufuata fremu hadi nyuma na kugawanyika kwenda taa mbili. Balbu ya kawaida ya taa hiyo ni ya wati 21. Wape Darasa la Saba hesabu hiyo: 21 kugawanya kwa 12 ni ampea 1.75, na kwa taa mbili ni 3.5. Hapo wataona kwamba fyuzi nzima haielemewi na taa hizo, na kwamba ikiungua, ipo sababu. Dereva anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi hajatengeneza kitu. Amehamisha mahali pa kuungulia tu.

Mwenye pikapu mmoja alikubali kutuletea gari lake uwanjani wiki iliyofuata. Injini ilizimwa, breki ya mkono ikavutwa, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya tairi, na ufunguo ukageuzwa bila kuwasha injini. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuingia uvunguni. Hilo halina mjadala. Mwanachuo wetu alianza, kabla ya yote, kwa kuliambia darasa kwamba wiki iliyopita mwenzao alisema kweli kuhusu ule waya mmoja na kwamba yeye mwalimu ndiye aliyekosea. Nakiri sikumshauri afanye hivyo. Lilikuwa wazo lake, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa asikilize.

Gia ya rivasi ikaingizwa. Taa zote mbili zilionekana zimekufa. Darasa likasema kwa pamoja: glopu! Mwalimu akawauliza kama ni rahisi glopu mbili kuungua kwa wakati mmoja. Msichana mmoja alijibu kwamba huenda moja iliungua zamani na hakuna aliyejali, mpaka ya pili nayo ikaungua. Jibu zuri, na hutokea hivyo mara nyingi. Lakini msichana huyo huyo aliinama, akaziba kioo cha taa kwa viganja vyote viwili kuzuia jua, akachungulia. Ndani ya balbu palikuwa na uzi mwekundu, hafifu kama kaa linalozimika.

Hapa mwalimu asifanye haraka. Uzi ukiwa mwekundu, mkondo unapita. Basi fyuzi haijakatika, balbu haijaungua, na hakuna waya uliokatika kabisa. Uchunguzi mmoja wa mtoto ulifuta nusu ya orodha iliyokuwa ubaoni. Kilichobaki ni mahali ambapo mkondo unapita kwa shida: mguso mchafu ndani ya swichi ya giaboksi, kiungo kilicholegea, au ethi mbovu. Ukiwa na mahali nane pa kushuku, usivipime kimoja baada ya kingine. Pima katikati: nane huwa nne, nne huwa mbili, mbili huwa moja. Vipimo vitatu vinatosha.

Testa yetu ilikuwa balbu nyingine ya wati 21 yenye nyaya mbili. Waya mmoja uliguswa kwenye waya unaoleta mkondo katika taa, wa pili ukafungwa kwenye bodi ya nyuma: mwanga hafifu. Waya wa pili ukarefushwa hadi ncha hasi ya betri: mwanga mweupe kamili. Njia ya kwenda ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa katika kurudi. Mwanachuo akauliza kwa nini basi taa zote mbili zimeathirika, na yule mvulana wa nyuma akajibu kwamba bati ni la wote. Yaani njia ya pamoja iko pande mbili, ya kwenda na ya kurudi. Jambo hilo hata mafundi hulisahau. Dereva akakumbuka kwamba akikanyaga breki, taa nyingine za nyuma hubadilika mwanga. Ni dalili ile ile: mkondo uliokosa ethi hujitafutia njia kupitia balbu za jirani.

Bodi ya nyuma ya pikapu ile ilifungwa kwenye fremu kwa boliti, juu ya vipande vya mpira, na umeme ulirudi kwa boliti hizo peke yake. Maji yanayotiririka kutoka kwenye dagaa yalikuwa yamezila kwa miaka mingi. Watoto walishangaa, maana wamesikia kwamba chumvi ya bahari ndiyo huozesha magari, na maji ya Tanganyika ni baridi. Waeleze kwamba chumvi huharakisha tu. Kutu huhitaji maji na hewa.

Dereva alifungua boliti moja, akaisugua kwa msasa pamoja na chuma kilicho chini yake mpaka vikang'aa, akafunga waya mfupi mnene kutoka bodi hadi fremu, akakaza nati na kupaka grisi juu yake. Gia ikaingizwa tena. Safari hii hakuna aliyehitaji kuziba jua kwa viganja. Mawe yakaondolewa, watoto wakasogezwa kando, na gari likatoka uwanjani kinyumenyume kuelekea barabara ya Ujiji.