Mshahara wa Mgonjwa Ukisimamishwa Kimya Kimya

Somo letu la leo linatokana na swali tunaloulizwa mara kwa mara katika vikundi vya kujisomea hapa Ipuli. Mtu ameajiriwa, kisha anaugua. Mwezi wa kwanza mshahara unakuja kama kawaida. Mwezi wa pili anamtuma kijana wake akaulize, na kijana anarudi mikono mitupu. "Baba, karani anasema jina lako halimo." Hakuna barua iliyoletwa, hakuna mtu aliyekuja kueleza. Nyumbani kuna kodi ya chumba, kuna madaftari ya watoto, kuna dawa za kununua. Afanye nini?

Wengi wetu hungoja. Tunasema, labda wamekosea, mwezi ujao watalipa. Au tunasema, nikipata nguvu nitakwenda mwenyewe nikaongee na bosi vizuri, tusigombane. Hiyo ni adabu, wala hatuikatai. Lakini tangu siku ile fedha ziliposimama, kuna siku zinazohesabiwa, na zikiisha, haki yako inakuwa ngumu kudai. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili tu: kuhesabu siku, na kuandika barua.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na nguo na shanga kurudi bara. Mpagazi alikuwa na ujira wake na posho ya njiani. Akishikwa na ndui au homa hata asiweze kubeba, mzigo wake alitwikwa mwingine, na mara nyingi yeye aliachwa kijijini au kando ya njia. Hakuwa na mahali pa kushtaki. Sisi leo tunapo mahali, ila tunakwenda tumechelewa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ndiyo inayotumika Tanzania Bara. Inasema mfanyakazi anayo likizo ya ugonjwa yenye malipo ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara wote. Siku 63 zinazofuata analipwa nusu mshahara. Siku hizo ni za kalenda: Jumapili na sikukuu zimo. Kwa hiyo siku 63 ni wiki tisa kamili.

Hebu tuhesabu pamoja. Chukueni kalenda ya ukutani. Tuseme mama mmoja anafanya kazi katika godauni la tumbaku, mshahara wake ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Ameanza kulala kitandani tarehe 1 Machi, na hakuwahi kuugua tangu aajiriwe. Machi ina siku 31. Aprili ina siku 30. Jumla 61. Ongeza siku mbili za Mei, unapata 63. Basi mshahara wote unakwenda hadi tarehe 2 Mei. Kuanzia tarehe 3 Mei ni nusu mshahara, shilingi 120,000 kwa mwezi, hadi tarehe 4 Julai. Sasa, kama mwisho wa Aprili hakupewa kitu, kuna kosa. Hata kama angepewa nusu, bado kuna kosa, maana Aprili yote ni yake.

Lakini tuwe wakweli. Kama mwaka jana mama huyo alilala siku 10 kwa malaria na kulipwa, siku hizo 10 zinatolewa katika zile 63, kwa kuwa miezi 36 haijaisha. Wengine hulia wameonewa, kumbe siku walikwisha kuzitumia wakasahau. Ndiyo maana tunasema kila mara: mali bila daftari huisha bila habari. Siku za ugonjwa nazo ni mali. Kila ukiugua, andika katika daftari lako tarehe uliyoanza na tarehe uliyorudi kazini.

Sababu za fedha kusimama

Mara nyingine mwajiri anayo sababu ambayo sheria inaikubali. Iliyo kubwa ni cheti cha daktari, ile karatasi ambayo kazini tunaiita ED. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Na ED ina tarehe ya mwisho. Daktari amekupa siku 14, siku ya 15 wewe bado unaumwa lakini karatasi imekufa. Karani anaangalia faili, haoni karatasi mpya, anakata jina. Hakukuchukia. Mpelekee mpya kabla ya ile ya zamani kwisha, hata kwa mkono wa jirani, na nakala ibaki nyumbani. Tena jihadhari na jambo hili: kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Mgonjwa asiye na karatasi anafanana na mtoro.

Hapa tuseme wazi juu ya waganga wa kienyeji. Kwenda kwao ni hiari ya mtu. Lakini wiki tatu unazokaa kwa mganga kijijini ni wiki tatu bila cheti. Sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri haruhusiwi kumkataa bila sababu ya maana. Basi kama huwezi kufika hospitali ya Kitete, anza na zahanati iliyo karibu nawe. Tabibu wa hapo akuandikie.

Sababu nyingine ni muda wa kazi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Lakini msiseme upesi, "Mimi ni kibarua wa msimu tu." Sheria imewataja wafanyakazi wa msimu, nao wana haki ya likizo yenye malipo. Na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka mmoja, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, naye anayo. Katika nchi yetu ya tumbaku habari hii inawagusa wengi. Mkulima wa shamba lake mwenyewe hana mwajiri, na sheria hii haimfikii. Habari ya bima ya afya ni somo jingine.

Barua

Usipojua sababu, iulize kwa maandishi. Karani kusema "jina halimo" hajakupa sababu. Sheria inataka malipo ya mshahara yafuatane na karatasi yenye maelezo, na makato yakiwapo yaonyeshwe. Masharti ya kazi yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Barua haina haja ya maneno makubwa. Someni hii:

Ipuli, Tabora.
Tarehe 4 Mei.

Kwa Meneja,

KUH: KUSIMAMA KWA MSHAHARA WANGU WAKATI WA UGONJWA

Mimi ni mfanyakazi wako katika godauni. Niko katika likizo ya ugonjwa tangu tarehe 1 Machi. Vyeti vya daktari nimevileta tarehe 2 Machi na tarehe 1 Aprili, na nakala zake ninazo. Mshahara wa Aprili sikuupata.

Naomba unijulishe kwa maandishi: Je, bado mimi ni mfanyakazi wako? Malipo yamesimamishwa kwa sababu gani, na tangu tarehe gani? Mmenihesabia siku ngapi za ugonjwa?

Naomba jibu kabla ya tarehe 14 Mei. Mimi mwenyewe bado naumwa. Barua hii naileta kwa mkono wa mwanangu.

Ahsante.

Andika nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri au kutiwa sahihi na tarehe, kisha inarudi nyumbani. Wakikataa kutia sahihi, mtu aliyeipeleka aandike nyuma ya nakala siku, saa, na aliyeipokea. Kama mmepelekeana ujumbe wa simu, usiufute. Wengine watasema, "Sikupewa hata mkataba wa maandishi, nitadai nini?" Usivunjike moyo. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuleta maandishi ya masharti ya kazi, ni juu yake kuthibitisha kwamba sharti unalolitaja halikuwapo.

Tazameni tena swali la kwanza katika barua ile. Hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Tunalieleza hapa chini.

Siku za kudai

Mahali pa kupeleka mgogoro ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Huduma yake haina ada. Unajaza fomu namba moja ya Tume, unampa mwajiri nakala, unaleta ushahidi kwamba ameipokea, kisha Tume inawaita wote wawili ili wasuluhishwe. Kama mshahara umezuiwa lakini kazi bado unayo, una siku 60 za kupeleka fomu. Kama umefukuzwa kazi na unaona si haki, una siku 30 tu.

Sasa mmeona hatari? Mtu yuko kitandani, anadhani ni mshahara umechelewa. Kumbe katika faili ameandikwa mtoro, ameachishwa. Yeye anahesabu 60, wenzake wanahesabu 30. Kwa mama wa godauni, tukihesabu tangu tarehe 30 Aprili, siku ya 60 ni tarehe 29 Juni. Kama siku ile ile ndiyo aliyofukuzwa, siku ya 30 ni tarehe 30 Mei. Ushauri wetu ni huu: usipopata jibu la barua, chukua hesabu iliyo fupi. Peleka fomu kabla ya siku 30 kwisha. Kuwahi hakukudhuru.

Aliyechelewa bado anaweza kuiomba Tume impokee, ila itambidi aeleze kila siku aliyochelewa ilipotelea wapi. Ugonjwa ni sababu ya kusikilizwa, lakini nayo inatakiwa kuwa na cheti. Unarudi pale pale kwenye karatasi.

Kabla ya Tume, au sambamba nayo, mwone katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kama mnacho. Afisa Kazi wa serikali naye ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua vitabu vya mishahara. Barua moja ya Afisa Kazi humfanya karani aone jina ambalo jana halikuwamo. Tunacheka, lakini hutokea.

Aliyeumia kazini

Aliyeumia akiwa kazini, au aliyepata ugonjwa kutokana na kazi yenyewe, ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Mfanyakazi hakatwi kitu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Yule wa shilingi 240,000 angepata shilingi 168,000.

Nako huko malipo husimama: taarifa ya daktari imesema umepona, au miezi imetimia, au karatasi zimepungua. Dawa ni ile ile, kuuliza kwa maandishi. Na hakikisha kwanza kama mwajiri alitoa taarifa ya ajali. Watu hukaa wakiamini imepelekwa, kumbe imelala katika meza. Muulize akupe nakala. Usiache mwaka ukapita.

Zoezi la kikundi

Mama wa godauni aliugua siku 10 mwaka jana, akalipwa mshahara wote. Mwaka huu ameanza kulala tarehe 1 Machi. Je, mshahara wote utaishia tarehe gani? Nusu mshahara utaishia tarehe gani? Tumieni kalenda. Baada ya hapo kila mmoja aandike barua ya kuuliza sababu ya mshahara kusimama, isizidi mistari kumi, na jirani yake aisome kwa sauti. Waliofungua daftari la siku za ugonjwa wamwonyeshe mwalimu wiki ijayo.