Fosfeti Inapozidi katika Damu: Chakula na Matumizi Sahihi ya Dawa

Fosfeti hutokana na madini ya fosforasi yaliyomo katika chakula. Mwili huihitaji kujenga mifupa na meno, na figo huondoa ziada yake kupitia mkojo. Figo zikidhoofika, ziada hiyo hubaki katika damu. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 0.8 hadi 1.5 kwa lita.

Mwanzoni hali hii aghalabu haina dalili. Ikidumu, mwili huchota kalsiamu kutoka mifupani, ngozi huwasha, na mishipa ya damu hukakamaa, hata moyo ukawa hatarini. Mgonjwa wa figo asisubiri dalili. Apime damu kila anapoelekezwa.

Chakula

Mkazi wa Iguguno aliyeambiwa apunguze fosfeti aweza kudhani kwamba ni lazima aache ugali wa uwele au mtama, pamoja na maharage. Sivyo. Mwili hufyonza sehemu tu ya fosfeti iliyomo katika nafaka na kunde, mara nyingi chini ya nusu. Fosfeti inayoongezwa viwandani hufyonzwa karibu yote. Kwa hiyo, la kwanza ni kuacha soda nyeusi za kola, soseji na nyama nyingine za kusindikwa. Soma lebo: alama E338 hadi E341 na E450 hadi E452, au neno lenye herufi "phos", huonyesha kuwa fosfeti imeongezwa. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vitumiwe kwa kiasi alichoshauri mtaalamu.

Dawa

Dawa za kudhibiti fosfeti, kama vile kalsiamu kaboneti na sevelama, hunasa fosfeti ya chakula ndani ya utumbo ili itoke kwa njia ya choo. Dawa iliyomezwa saa kadhaa baada ya mlo haikikuti tena chakula hicho. Basi zingatia yafuatayo:

1. Meza dawa pamoja na mlo, kama ulivyoandikiwa.
2. Usiongeze wala kupunguza dozi bila ushauri wa daktari.
3. Unaponunua dawa ya kiungulia au ya kulainisha choo katika duka la dawa muhimu, mweleze mtoa dawa kwamba una ugonjwa wa figo. Baadhi ya dawa hizo zina aluminiamu au fosfeti, na zaweza kukudhuru.
4. Uendapo kliniki, chukua dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili.