Mkono Unaoshikilia: Kufundisha Matumizi Salama ya Stepla ya Betri

Mwalimu anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya kisiwani kama Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani, hana haja ya kuwaambia watoto kwamba vyombo vya ufundi hukata. Watoto wa pwani hiyo hukua wakitazama tezo ikichonga mbao na keke ikitoboa ubavu wa mashua. Wanajua kujitenga na fundi anapoinua mkono. Ujuzi huo ni mtaji mkubwa kwa somo la ufundi. Lakini kiko chombo kimoja ambacho ujuzi huo huo waweza kuwapotosha.

Chombo chenyewe ni stepla ya betri. Sisemi ile ndogo ya mezani inayobana karatasi. Nasema ile yenye umbo la bastola, ambayo mafundi wa makochi huitumia kupigilia kitambaa kwenye fremu. Betri ya lithiamu huchomekwa kwenye mpini, pini hupangwa katika reli yake, na kidole kikivuta kifyatuo, pini huzama ndani ya mbao kwa pigo moja. Mwalimu huvutwa nayo kwa sababu nzuri. Darasa lisilo na umeme laweza kuitumia, maadamu betri imechajiwa mahali pengine. Na ramani ya nguo iliyopigiliwa kwenye fremu hudumu kuliko ile iliyobandikwa kwa gundi ya wanga, ambayo unyevu wa pwani huilegeza.

Kutoka keke hadi stepla

Kanuni ya kuanza na kinachojulikana ndipo kuendea kisichojulikana yatupasa tuanze na keke. Fundi huvuta na kusukuma uta, ncha huzunguka, na unga wa mbao hutoka kidogo kidogo. Nguvu yote hutoka katika mkono wake. Akichoka, ncha husimama. Akikosea, huhisi upinzani wa mti kabla ya madhara kutokea. Nyundo nayo hutoa taarifa, kwani hapana pigo lisilotanguliwa na kuinuliwa kwa mkono, na jicho la mtoto hupata nafasi ya kuliona likija.

Stepla haina taarifa ya namna hiyo. Nguvu yake imekwisha kuwekwa ndani, na huachiliwa kwa mvuto mdogo wa kidole. Mtoto mwenye nguvu chache na fundi mwenye misuli hupiga pini kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo yule mtoto hodari aliyezoea kuupima ukali wa chombo kwa kuutazama mkono wa fundi ataitazama stepla, aone mkono umetulia, na adhani kwamba pana usalama.

Nani anayeumia?

Katika maandalio mengi ya masomo ya ufundi niliyopata kuyasoma, maelezo karibu yote huhusu mkono unaoshika chombo: ushike wapi, ukaze kiasi gani, kidole gumba kikae upande gani. Lakini mkono unaoshika stepla uko nyuma ya mdomo wake. Ulio hatarini ni mkono wa pili, ule unaoshikilia kazi, na mara nyingi mkono huo ni wa mtu mwingine.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nilikuwa ninapigilia nguo juu ya fremu mbele ya darasa, nikamwita mwanafunzi ashikilie pembe ili nguo isikunjamane. Pini iligonga fundo la mbao, ikapinda, ikatokeza ubavuni mwa fremu karibu kabisa na kidole chake. Hakuumia. Alicheka, na wenzake wakacheka naye. Mimi sikuweza kucheka, kwa maana nilikuwa nimevaa miwani ya kinga peke yangu, nimeshika chombo sawasawa kama nilivyofundishwa, na hatari yote nilikuwa nimemkabidhi yeye.

Tangu siku hiyo ninashikilia, na ninawashauri wanachuo, kwamba mtoto wa shule ya msingi asivute kifyatuo cha stepla ya betri, wala asiitwe kushikilia kazi inayopigiliwa. Wapo walimu wenzangu wanaoona kwamba kumnyima mtoto chombo ni kumnyima elimu. Nawaheshimu, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitufundisha sote kuithamini kazi ya mikono. Lakini kazi ya mikono katika somo hili ni nyingi hata bila kifyatuo: kuchora, kupima, kuweka alama za kila pini, kuchagua urefu wa pini, na kukagua. Kushikilia kuachiwe jiriwa. Pasipo na jiriwa, nguo ifungwe kwanza kwa kamba nyembamba kwenye pembe nne, na fremu ikandamizwe kwa mawe mazito.

Somo lenyewe

Tuseme wanafunzi wamechora juu ya nguo ya marekani ramani ya magofu ya Songo Mnara: jumba kubwa, misikiti mitano, nyumba za mawe ya matumbawe na ukuta uliozunguka mji. Ramani itapigiliwa kwenye ubao wa plaiwudi wenye unene wa milimita 6. Mwalimu ana pini za milimita 6 na za milimita 10. Kabla ya kupiga hata moja, ubao ulazwe juu ya matofali mawili, na kati ya matofali hayo uwekwe muhogo mbichi uliomenywa, ukigusa ubao kwa chini. Mtu yeyote asiushike. Wanafunzi wasimame nyuma ya mwalimu, hatua tatu au zaidi, na wanaokaa karibu wapewe miwani ya kinga kama ipo ya kutosha. Mwalimu apige pini ya milimita 10, atoe betri, aiweke mezani mahali inapoonekana, ndipo ageuze ubao.

Mwalimu: Mnaona nini?
Wanafunzi: Pini imetokeza, mwalimu. Imeingia kwenye muhogo.
Mwalimu: Ubao una unene gani?
Wanafunzi: Milimita sita.
Mwalimu: Basi imeingia kiasi gani?
Wanafunzi: Milimita nne.
Mwalimu: Muhogo huu ungekuwa nini, kama ningemwita mmoja wenu anishikilie ubao?

Hapa mwalimu anyamaze. Ukimya huo usijazwe kwa mawaidha, kwani darasa litajibu lenyewe. Hesabu iliyofanyika ni ya kutoa tu, lakini ndiyo inayowaonyesha kwamba urefu wa pini huchaguliwa kwa kuupima ubao kwanza. Muhogo ule utupwe, usiachwe mbuzi wakaupata, kwa kuwa una chuma ndani.

Pini inapokwama

Saa ya hatari zaidi ni wakati stepla inapokataa kupiga. Mtu huiona imekufa. Huinua mdomo wake kuutazama, hutia kidole kuing'oa pini iliyopinda, na mkono mwingine bado uko kwenye kifyatuo. Taratibu ni moja, na haina njia ya mkato: ondoa kidole kwenye kifyatuo, toa betri, fungua reli, toa pini zilizobaki, kisha vuta iliyokwama kwa koleo. Stepla nyingi zina kufuli ya kifyatuo, na nyingine hazipigi mpaka mdomo ugandamizwe juu ya kazi. Vitu hivyo ni msaada, wala havichukui nafasi ya kutoa betri. Mwanafunzi mmoja apewe wajibu wa kusema kwa sauti, kila mwalimu anapotaka kuugusa mdomo wa chombo: "Betri iko wapi, mwalimu?" Mwalimu anayeona haya kuulizwa hivyo na mtoto asilete stepla darasani.

Ikiwa pini imemwingia mtu, na imezama karibu na kiungo au mfupa, isinyofolewe darasani. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe, na mgonjwa apelekwe kwa mganga, ambaye ataangalia pia suala la chanjo ya pepopunda. Kisiwani, safari ya hospitali ya bara yaweza kuanza kwa kungoja chombo na kujaa kwa maji. Muda huo wa kungoja uingizwe katika andalio la somo tangu mwanzo.

Betri na bahari

Stepla ikiazimwa Kilwa Masoko italazimika kuvuka maji. Betri isafiri ikiwa imetolewa, ndani ya mfuko mkavu uliofungwa vizuri, vyuma vyake vimefunikwa, mbali na misumari, sarafu na funguo, ambavyo vyaweza kuunganisha ncha zake na kuipasha moto. Maji ya chumvi huweza kufanya vivyo hivyo. Betri iliyotumbukia baharini isikaushwe juani kisha ikachajiwa. Itengwe nje, mbali na makuti na nguo. Iliyovimba nayo isitumike.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuitundika ramani. Wako watakaotaka kuipeleka kwenye magofu yenyewe na kuipachika ukutani, ili watoto walinganishe mchoro na jengo. Kuta hizo zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nazo zimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Pini moja hubandua lipu ya chokaa, na kutu yake hubaki. Ramani ishikwe na wanafunzi wawili, kila mmoja upande wake, nao wageuke kuzikabili kuta. Wakati huo stepla iwe imebaki shuleni, kabatini, na betri yake iwe katika kabati la pili.