MAJI YALIYOSAFISHWA UPYA: JE, TUTAYANYWA?



Wazee wetu walisema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Lakini iko miji duniani ambayo imejifunza kuyazoa. Maji yaliyokwisha kuogewa, kufulia nguo na kusukuma choo hukusanywa, husafishwa, kisha hurudishwa bombani ili yanywewe. Wengi wetu tukisikia habari hiyo twakunja uso. Basi katika somo hili tuangalie mambo mawili: kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini watu wengine huyakubali maji hayo na wengine huyakataa.

1. Mji wa Windhoek

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, uko katika nchi kavu. Mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka, na mto Okavango, ambao haukauki, uko mbali kiasi cha kilomita 700. Mwaka 1968 mji huo ulifungua mtambo mahali paitwapo Goreangab, nao ukawa mji wa kwanza duniani kusafisha maji taka na kuyaingiza moja kwa moja katika mabomba ya maji ya kunywa. Mtambo mpya, ulioanza kazi mwaka 2002, unaweza kutoa lita milioni 21 kwa siku.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza, maji taka ya viwandani hutengwa na kupitishwa njia yake, kwa sababu yana kemikali ngumu kuondoa. Maji ya majumbani huingia mahali ambapo vijidudu vyenye faida hula uchafu. Kisha huko Goreangab hutiwa dawa ya kugandamanisha uchafu uliobaki ili uondolewe. Maji huchujwa kwa mchanga, hupitishiwa gesi ya ozoni inayoua vijidudu, hupita katika makaa maalumu yanayonasa kemikali, na huchujwa tena kwa utando wenye vitundu vidogo mno. Mwisho hutiwa klorini na kuchanganywa na maji ya mabwawa. Njia nzima maji hupimwa. Yakionekana yana kasoro hayapelekwi mjini.

Husemwa mara nyingi kwamba watu wa Windhoek waliyakubali maji hayo. Hapa yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1968 nchi ile ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na wakazi walio wengi hawakuulizwa neno. Imani iliyopo imejengwa na miaka mingi ya kupima na kunywa, wala haikutokana na ruhusa waliyoitoa siku ya kwanza.

2. Mji wa Toowoomba

Sasa twende Australia, katika jimbo la Queensland. Ukame mkali uliupata mji wa Toowoomba na mabwawa yake yakashuka. Mwaka 2005 halmashauri ya mji ilitangaza mpango wa kuchanganya maji taka yaliyosafishwa na maji ya bwawa. Serikali kuu ikataka wananchi wapige kura kabla haijatoa fedha, na kwa hiyo muda wa kuwaeleza watu ukawa mfupi. Wapinzani wakajipanga upesi. Walisema mji utapata jina baya, wageni watakimbia na biashara zitakufa. Tarehe 29 Julai 2006 kura ikapigwa, na watu kama 62 katika kila 100 wakasema hapana. Mwaka 2010 mji ukaanza kupata maji kwa bomba kutoka bwawa la Wivenhoe.

Tusiwacheke watu wa Toowoomba. Walikuwa na kiu kama watu wa Windhoek, tena walikuwa na wataalamu. Lakini neno la kwanza lililoingia masikioni mwao lilikuwa la choo, na neno la kwanza ni gumu kulifuta.

3. Kilicho safi na kilicho najisi

Katika Kiswahili twatofautisha uchafu na unajisi. Uchafu huoshwa ukatoka. Unajisi ni kitu kingine: hushika moyoni hata pale jicho lisipoona kitu. Profesa Paul Rozin, wa Marekani, na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986. Walichukua mende aliyekufa, aliyekwisha kusafishwa hata asiwe na kijidudu, wakamchovya katika maji ya matunda. Watu walijua kwamba hana madhara, lakini hamu ya kunywa iliwatoka. Walichokikataa ni habari ya kile kinywaji, si kile kilichomo ndani yake.

Jambo hili limewashughulisha hata viongozi wa dini. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji taka yakisafishwa hata rangi, ladha na harufu ya najisi zikatoka kabisa, huwa twahara, na yafaa kwa kutawadha na hata kwa kunywa, mradi yasidhuru afya.

Singapore nayo ilianza na moyo wa watu. Yaliyosafishwa yalipewa jina jipya, NEWater, na mahali pa wageni pakafunguliwa ili wananchi wajionee mitambo. Siku ya Taifa mwaka 2002 Waziri Mkuu Goh Chok Tong aliyanywa hadharani pamoja na maelfu ya watu. Sehemu kubwa ya maji hayo huenda viwandani. Kiasi kidogo huchanganywa katika mabwawa.

4. Je, sisi hatujaanza?

Tufikiri kidogo juu ya mito yetu. Mto Ngerengere hupita Morogoro, kisha huingia Ruvu; na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, baada ya maji yake kusafishwa. Anayekaa chini ya mto hunywa maji yaliyokwisha kupita mikononi mwa anayekaa juu. Hatukunji uso kwa sababu mto umetusahaulisha. Basi swali la kuuliza juu ya maji yo yote ni hili: yamesafishwa vipi, na ni nani anayeyapima?

Lakini hofu ya watu nayo si upumbavu. Maji taka yasiposafishwa vizuri huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Mitambo kama ya Goreangab yataka umeme usiokatika, vipuri na wapimaji waaminifu. Mji ambao mabomba yake yanavuja na maji taka yake yanamwagika mitaroni unayo kazi ya kuanzia kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo twashika fundisho hili: moyo wa mtu haulazimishwi kunywa. Viongozi waseme mapema, kabla ya kisima kukauka. Waonyeshe mitambo, watangaze vipimo hata vikiwa vibaya, nao wenyewe wawe wa kwanza kunywa. Na sisi wananchi, kabla ya kusema ndiyo au hapana, tuulize na tusikilize jibu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Maji tunayoyatumia hapa kwetu yatoka wapi, na yamepita kwa nani kabla ya kutufikia?

2. Ni nani anayeyapima? Je, tumewahi kuuliza matokeo?

3. Kama tungekuwa wakazi wa Toowoomba mwaka 2006, tungepigaje kura, na kwa sababu gani?

4. Maji tunayoyamwaga sisi yaenda kwa nani?